Waraka wa Kutofungua

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa mujibu wa madaraka yake yote, Idara ya Ghala na Majengo ya Umma ilitangaza Jumatatu saa tatu asubuhi kwamba kuanzia siku hiyo kitu au hali yoyote ya umma ambayo haijafunguliwa isifunguliwe. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango mkuu, upande wa ndani, kwa sababu upande wa nje gundi haikushika. Wananchi waliotaka kulisoma walishauriwa waombe kibali cha kuingia.

Mama Funguo alilisoma mara mbili akiwa wima, kisha akakaa kwenye kiti chake cha stoo akalisoma tena. Alikuwa mtunza stoo wa idara kwa miaka thelathini na mmoja. Kiunoni alivaa pete ya chuma yenye funguo arobaini na tatu, na wafanyakazi walimsikia kabla hawajamwona, jambo lililosaidia wengi kuamka kwa wakati. Lakini kazi yake haikuwa kufungua. Kazi yake ilikuwa kupita asubuhi na jioni, kutikisa kila kitasa, na kuandika daftarini kwamba kimefungwa.

Si kwamba alichukia matangazo. Alikwisha kuona mengi, likiwemo lile lililoagiza foleni zote zianzie mbele. Kilichomkata maini safari hii ni zahanati.

Zahanati hiyo ilikuwa hatua thelathini kutoka nyumbani kwa binti yake wa pekee. Ilikamilika miaka miwili nyuma: vitanda kumi vikiwa bado na plastiki, mizani ya watoto, taa, maji ya bomba. Mkunga wake alikwisha kuajiriwa. Alilipwa kila mwezi na kupewa dawati makao makuu asubiri ufunguzi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure alifuma soksi za watoto wachanga. Alikuwa na maboksi matatu. Ufunguzi uliahirishwa mara saba, mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, mara ya pili kwa sababu mvua haikunyesha na mgeni rasmi alikuwa amekuja na mwavuli.

Binti alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilimtoka garini, njiani kwenda hospitali kubwa, kwenye lile eneo la mashimo ambapo magari huenda mwendo wa kinyonga. Mtoto hakufika. Mama Funguo alikuwa amemshika binti yake mkono siku hiyo, na tangu hapo aliiogopa barabara ile kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyekwisha kumuuma.

Sasa tueleze waraka ulikotoka, maana idara haikurupuki.

Wiki moja kabla, Mama Funguo alikuwa akipanga stoo. Nyuma ya viti vilivyovunjika alikuta boksi limeandikwa MSAADA, KITUO CHA VIJANA. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu na kaseti tatu za gemu moja ya mpishi, kila moja ndani ya boksi lake dogo, na juu ya boksi ile plastiki laini ya kiwandani. Zilifika miaka ishirini na minane iliyopita. Kituo cha Vijana chenyewe kilijengwa kikaisha, ila utepe ulionunuliwa kwa ajili ya sherehe ulikuwa wa kijani na kanuni zilitaka mwekundu, na suala hilo lilikuwa bado linafanyiwa kazi. Vijana waliokusudiwa walikuwa sasa na vitambi na dawa za shinikizo la damu. Mama Funguo aliziandika kaseti kwenye orodha ya vitu vya kutupwa, orodha ikabandikwa ubaoni.

Siku ya nne alikuja mtu mwembamba, amevaa glavu nyeupe, ana tochi ndogo mfukoni. Huyo tumwite Mnunuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata viti?"

"Nimefuata gemu ya mpishi."

Mama Funguo alimtolea. Mnunuzi alipoiona alishika rafu.

"Usiipumulie, mama. Tafadhali."

"Nzima hiyo, usiwe na wasiwasi. Subiri nikate hii plastiki, tuchomeke mashine uone mwenyewe." Akachukua mkasi.

Mnunuzi alipiga ukelele. Bwana Nakala, karani wa masijala, alikuja mbio na ndoo ya mchanga akidhani ni moto. Huyu Bwana Nakala aliitwa hivyo kwa sababu hakuamini kitu chochote kisicho na nakala mbili, na inasemekana hata mahari aliitoa kwa risiti.

"Usifungue!" Mnunuzi aliudaka mkasi.

"Sasa utaichezaje bila kufungua?"

"Haichezwi."

"Gemu haichezwi?"

"Hii haichezwi, mama. Zilizofunguliwa ziko tele, unapata kwa bei ya ndala. Ambazo hazijafunguliwa zimebaki nne dunia nzima." Akataja bei anayotoa.

Mama Funguo alimwomba arudie, kisha amwandikie. Ilikuwa bei ya nyumba ya vyumba vitatu, choo ndani, na chenji ya kutosha uzio.

"Kwa sababu ni nzuri sana?"

"Kusema kweli ni mbaya mno. Mpishi anakimbizwa na masufuria, basi. Watu hawakuipenda, ndiyo maana zilitengenezwa chache."

"Yaani unatoa nyumba, unachukua gemu mbaya, halafu huichezi."

"Kwa sababu haijafunguliwa," alisema Mnunuzi, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. Alilipia moja, akaondoka nayo.

Neno hilo lilimfikia Mkurugenzi saa sita na robo, likiwa na nakala mbili.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa maono, na mwenye subira. Kwa miaka kumi na tisa wakaguzi walimsema hadharani kwamba idara yake haifungui kitu. Maktaba haijafunguliwa. Daraja halijafunguliwa. Vyoo vya soko havijafunguliwa. Alivumilia yote hayo, akiamini iko siku dunia itamwelewa. Alipoishika ile karatasi ya Mnunuzi, machozi yalimlengalenga.

"Ndugu zangu," aliwaambia wakuu wa vitengo, "tulidhani tumelala. Kumbe tulikuwa tunazalisha."

Kikao kilifanyika kwenye korido, kwa sababu ukumbi wa mikutano ulikuwa haujafunguliwa. Mama Funguo aliinua mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Kufungua gemu na kufungua zahanati naona si kufungua kumoja."

"Neno ni moja?"

"Neno ni moja, mheshimiwa, lakini..."

"Basi. Serikali haiwezi kugharamia maana mbili kwa neno moja."

Wakuu wa vitengo walipiga makofi. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Kulinda Hali ya Kutofunguliwa, kwa kifupi KAKUHAKU. Mkurugenzi akawa mwenyekiti, Bwana Nakala katibu, na Mama Funguo mjumbe kwa sababu ya funguo. Waraka uliandikwa siku hiyohiyo. Kifungu cha nne, kinachosema kwamba katazo ni kwa wote, Mkurugenzi alikiongezea maneno "bila kujali cheo" kwa kalamu yake mwenyewe, na kila aliyekuwepo alikubali kwamba yalipendeza.

Kazi ilianza kwa kasi ambayo idara haikuwahi kuionyesha. Zilinunuliwa glavu nyeupe na tochi ndogo kwa kila mjumbe, kisha KAKUHAKU ikazunguka kutoa alama juu ya kumi, kama wafanyavyo wenzetu wanaokusanya gemu: kona, bawaba, na harufu ya upya. Maktaba ilikatwa nusu alama kwa sababu kuna mtu aliwahi kujikinga mvua kwenye baraza yake. Zahanati ilipata tisa na nusu. Kwa heshima hiyo ilifungwa plastiki angavu kuanzia bati hadi msingi, mlango ukapigwa lakiri nyekundu, kazi ya mafundi kumi na mmoja na siku nne. Mgonjwa mmoja wa jino aliuliza atatibiwa lini. Alielezwa kwa lugha nyepesi kwamba hamu yake ndiyo inayopandisha thamani, na akaombwa aendelee.

Mnunuzi naye alialikwa aje aione. Alizunguka jengo mara moja, akamulika tochi, akauliza kwa adabu:

"Ambazo hazijafunguliwa ziko ngapi?"

Bwana Nakala alipekua. "Kwa ukanda huu peke yake, kumi na sita."

"Basi si adimu," alisema Mnunuzi, akaaga. Mkurugenzi aliagiza takwimu hiyo ifungiwe kabatini.

Mama Funguo alifanya jambo ambalo mtumishi mstaarabu hulifanya. Aliandika barua. Aliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja, akaomba zahanati ifunguliwe kabla binti yake hajajifungua, akaipeleka masijala. Kesho yake Bwana Nakala alimfuata stoo akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mama Funguo, hongera. Barua yako imepata tisa nukta mbili."

"Ameisoma?"

"Aisome? Ikisomwa si inabaki karatasi tu?"

Akaonyeshwa. Barua yake ilikuwa ndani ya kasha la plastiki ngumu, juu ya rafu, pamoja na barua nyingine nyingi za wananchi. Alimvizia Mkurugenzi kwenye ngazi.

"Mheshimiwa, nilikuandikia kuhusu mwanangu."

"Nimeiona. Mwandiko mzuri sana, hata kupitia bahasha."

"Basi nikwambie kwa mdomo."

"Mama, kwa mdomo ni kuifungua," alisema Mkurugenzi, akapanda ngazi mbili mbili.

Jioni alikwenda kwa binti yake. Binti alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba, anaitazama zahanati iking'aa ndani ya plastiki yake.

"Mama, funguo si unazo?"

"Ninazo. Lakiri ndiyo siruhusiwi kuigusa."

"Lakiri ni nta tu, mama."

"Ni nta ya serikali, mwanangu. Nikiivunja, miaka thelathini na mmoja inakwenda na maji, na mkunga hatashika hata kitambaa bila barua ya ufunguzi." Alisema hivyo akijua ni kweli, na bado alijiona mwoga. Alimkanda binti yake miguu mpaka kiza kilipoanza kuingia, akaondoka.

Lakini kwa kuwa alizungumza habari za mimba ya binti yake mbele ya mjumbe mwenzake kazini, KAKUHAKU ililazimika kulijadili. Ni Bwana Nakala aliyeona hatari.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waraka unasema kitu au hali yoyote. Huyu binti ni mwananchi, yaani wa umma. Na yuko katika hali ya kuwa hajajifungua."

Mkurugenzi alivua miwani.

"Hajajifungua kabisa?"

"Kabisa, mheshimiwa. Miezi minane na wiki tatu."

"Basi yumo," alisema Mkurugenzi kwa masikitiko ya kiongozi. "Sheria haina huruma, ina vifungu tu."

Barua ilipelekwa kwa mkono. Binti aliisoma kizingitini, mama yake amesimama pembeni.

"Mama, imeandikwa nisijifungue mpaka waraka utakapotenguliwa."

"Nimeona. Hapa chini nakala anapewa mume wako."

"Nijibu nini?"

"Jibu kwamba umeipokea."

Binti aliweka mkono tumboni. "Na huku ndani nani atampelekea nakala?"

Walicheka mpaka binti akashika mbavu. Kisha Mama Funguo akageuka upande na kufuta macho kwa upindo wa khanga, kwa sababu hakikuwa kicheko chote.

Jumatano iliyofuata ilifika bahasha kutoka kwa Waziri. Ilikuwa ya kaki, nene, ina lakiri tano. Juu yake: SIRI. AFUNGUE MWENYEWE. JIBU LIFIKE KABLA YA JUMANNE SAA SITA MCHANA. Bwana Nakala aliipokea kwa mikono miwili. Aliikagua kona zote, akaimulika, akainusa, akakaa chini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya KAKUHAKU alitoa kumi juu ya kumi, akaitia ndani ya kasha, akalifunga kasha kwa mashine ya moto, akaliandika daftarini: namba sitini na moja.

Mkurugenzi aliposikia alishuka bila viatu vyote viwili. Mji mzima ulijua kwamba Waziri anatafuta Katibu Mkuu. Mkurugenzi alikwisha kushona suti, ilikuwa imetundikwa ofisini kwake ndani ya plastiki ya fundi, na mke wake alikwisha kuacha kuwasalimia majirani.

"Nipe barua yangu."

Bwana Nakala alisimama mbele ya rafu. "Mheshimiwa, kifungu cha nne."

"Mjinga gani aliandika kifungu cha nne?"

"Wewe, mheshimiwa. Hata 'bila kujali cheo' ni mwandiko wako. Nakala ninayo."

Mkurugenzi alilichukua kasha akaliinua dirishani, jua lipenye. Karatasi ilikuwa imekunjwa. Ulionekana mstari mmoja tu, nao ulikatika kwenye mkunjo.

"'Napenda kuku...'" alisoma. Akageuza kasha. "'Napenda kuku...'"

"Waziri anapenda kuku?" aliuliza Bwana Nakala, kalamu tayari.

"Ni kukuteua! Au kukufahamisha." Akameza mate. "Au kukufukuza."

Kikao cha dharura kiliitwa koridoni. Mkurugenzi alipendekeza marekebisho madogo: katazo libaki palepale, isipokuwa kwa barua zilizoandikwa kwa mwenyekiti. Bwana Nakala alikuwa anaandika. Hapo ndipo funguo zililia, maana Mama Funguo alikuwa amesimama.

"Mimi sipingi, mheshimiwa. Vitu vikiruhusiwa kutoka, mimi ndiye ninayetoa. Ila kuna Kanuni za Ghala." Akaweka mezani kijitabu chekundu kilichochakaa, alichopewa siku yake ya kwanza kazini na ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukiomba. "Kanuni ya kwanza. Kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Barua yako ni namba sitini na moja."

"Maana yake?"

"Viko sitini mbele yake."

"Nikiruka?"

"Ukiruka, imetoka kinyume cha kanuni. Chochote kilichoandikwa humo ni batili."

Bwana Nakala aliogopa neno batili kuliko alivyoogopa nyoka. Aliacha kuandika. "Mheshimiwa, ana haki."

Mkurugenzi alitazama saa, akatazama kalenda. "Sitini kwa siku ngapi?"

"Sita, mheshimiwa, na Jumapili humo."

"Leteni utepe," alisema Mkurugenzi. "Rangi yoyote!"

Mama Funguo alikaa chini polepole. Alikwisha kuziangalia namba kabla ya kikao. Zahanati ilikuwa ya hamsini na nane, na barua yake ya sitini. Alishika funguo zisilie.

Mchana huohuo kilifunguliwa Kituo cha Vijana. Vijana walikuja na miwani yao ya kusomea. Kaseti mbili zilizobaki zilichanwa plastiki mbele ya umma, zikachomekwa, hazikuwaka. Mzee mmoja mwenye upara alisogea kwa kujiamini, akaichomoa kaseti, akaipuliza chini, puu, akairudisha. Masufuria yakaanza kumkimbiza mpishi, na watu waliosubiri miaka ishirini na minane wakaanza kugombania zamu. Mkurugenzi hakuona. Alikuwa njiani kwenda maktaba.

Alhamisi alifungua daraja, ukumbi na visima vitatu. Hotuba zilianza kwa dakika arobaini, zikawa kumi, Ijumaa zikawa "Ahsanteni", Jumamosi zikawa kupunga mkono. Kwenye vyoo vya soko wananchi hawakungoja hata mkono. Barua za rafuni nazo zilikuwa kwenye foleni, hivyo kati ya jengo na jengo Mkurugenzi alisoma garini malalamiko ya miaka kumi na tisa na kuyajibu magotini. Bibi mmoja alijibiwa kuhusu mtaro uliokwisha kujifukia wenyewe. Kidole cha mkasi kilipata lengelenge. Watu walitoka majumbani wakiulizana uchaguzi ni lini.

Jumanne saa mbili asubuhi binti alishikwa na uchungu.

Msafara ulifika zahanati saa nne kasoro. Plastiki ilikuwa ngumu kweli, mafundi walikuwa wamefanya kazi ya uaminifu. Mkurugenzi alipanda ngazi na mkasi, akachana kuanzia kwenye bati, jasho linamtiririka. Binti alikuwa amesimama amejishikiza ukutani kwa jirani, anapumua kwa vishindo, na mkunga ameshuka na maboksi yake matatu ya soksi. Plastiki ilipoanguka na utepe kufungwa, watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mkurugenzi aliwaona. Mazoea ni kitu kibaya. Alikohoa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi.

"Ndugu wananchi, historia ya afya..."

"Mheshimiwa," alisema Mama Funguo. "Kata."

Sauti hiyo hakuwahi kuitumia kazini. Mkurugenzi alikata. Akabandua lakiri kwa kucha, Mama Funguo akachagua ufunguo bila kutazama, akauzungusha, na mlango ukasogea. Miaka thelathini na mmoja alitikisa vitasa. Huu ulikuwa mlango wa kwanza aliofungua ili mtu wake aingie, na alifurahi hata akasahau kuuchomoa ufunguo. Alimshika binti yake kiuno wakaingia.

Nje, Mkurugenzi alimaliza namba hamsini na tisa, banda la baiskeli. Namba sitini aliisoma amesimama barazani. "'Naomba zahanati ifunguliwe kabla mwanangu hajajifungua,'" alisoma, akaandika chini yake "Imetekelezwa", akasaini. Saa sita kasoro dakika nane Bwana Nakala alilipasua kasha, akageuza uso asione. Mkurugenzi alivunja lakiri tano kwa meno.

"'Napenda kukuteua,'" alisoma kwa sauti, na baraza zima likashangilia, "'kuwa Katibu Mkuu wa Wizara mpya ya Kutofungua, kwa kuwa idara yako ndiyo ya mfano nchini. Uteuzi huu utakuwa batili endapo hadi unapoisoma barua hii idara yako itakuwa imefungua kitu chochote.'"

Bwana Nakala alifungua daftari.

"Ni vitu sitini, mheshimiwa," alisema Bwana Nakala kwa upole. "Na barua yenyewe, sitini na kimoja." Akageuza karatasi, kwa sababu yeye hakuacha upande wa nyuma bila kuusoma. "Hapa wanasema, ikiwa ni batili, ofisi yako ipigwe lakiri leo hii na funguo zikabidhiwe kwa mtunza stoo."

Mnunuzi alishuka kwenye teksi wakati huo, glavu mkononi, mkoba kwapani. Habari za bahasha ya kumi juu ya kumi zilikuwa zimemfikia mbali.

"Iko wapi?"

Mkurugenzi alimwonyesha, na lakiri zikadondoka miguuni.

"Ah," alisema Mnunuzi. "Imefunguliwa." Akarudi garini.

Ndani, mtoto alilia. Alilia hivi kwamba watu wa barabarani walisimama. Baada ya muda Mama Funguo alitoka barazani amebeba kifurushi chenye soksi mbili za rangi tofauti, uso umelowa, hajali nani anamwona.

"Amejifungua!" alisema. "Amejifungua salama! Msichana!"

Mkunga alikuja nyuma yake na karatasi. Mkunga humpima kila mtoto akizaliwa, pumzi, mapigo, rangi, kilio na viungo, mbili kwa kila kimoja. Bwana Nakala alichungulia karatasi hiyo, akavua glavu zake, akazitia mfukoni.

"Kumi juu ya kumi," alisema. Hakuandika nakala.

Saa tisa mchana Mkurugenzi alirudi pale barazani, peke yake, bila dereva. Mama Funguo alikuwa amekaa kwenye ngazi, mjukuu mapajani.

"Mama Funguo, naomba unifungulie ofisi mara moja tu. Kuna suti yangu mle ndani."

"Ile iliyo kwenye plastiki?"

"Hiyohiyo."

"Bwana Nakala ameipa tisa nukta nane," alisema Mama Funguo. Alimfunika mtoto mguu uliochomoza. "Andika barua, mzee wangu. Ipeleke masijala, upewe namba. Nadhani ni sitini na mbili."

Mtoto alianza kuhangaika. Mama Funguo alisimama, akaingia ndani kumpeleka kwa mama yake, akauacha mlango wazi.